Kilimo hai katika ardhi ya shaba: niliyojifunza bustanini Lubumbashi

Nimelima mboga pembezoni mwa Lubumbashi kwa miaka mingi, kwanza ili kuongezea mshahara mdogo wa ualimu, kisha kama kazi kamili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo nimelima bila mbolea za viwandani wala dawa za wadudu za chupa. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo kazi hiyo imenifundisha kuhusu faida za kilimo hai katika jiji lililoanzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, jiji ambalo hadi leo vumbi lake na maji ya vijito vyake havijatengana na madini. Faida hizo ni za kweli, nami sina shaka nazo. Hata hivyo watu wengi huzitafuta kwanza ndani ya jani la mboga, ilhali kwetu zinaanzia kwenye udongo na kwenye mfuko wa mkulima, na ili zifike salama kwenye sahani ni lazima mtu ajue kwanza shamba liko wapi na linanyweshwa maji gani.

Udongo wa uwanda wetu ni mwekundu, mzee na mchovu. Mvua, ambayo kwa kawaida huanza mwezi wa Novemba na kukatika mwezi wa Aprili, hunyesha karibu milimita 1,200 kwa mwaka, nayo kwa maelfu ya miaka imeosha kalsiamu na virutubisho vingine na kuacha nyuma chuma na aluminiamu. Udongo wa namna hiyo huwa na asidi, na fosforasi inayotiwa humo hushikwa na chuma kile kiasi kwamba mizizi hupata sehemu ndogo tu ya kile ambacho mkulima amelipia. Mifuko ya NPK (mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu) na urea hutufikia hasa kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na yeyote aliyeitumia urea, yenye naitrojeni asilimia 46, anajua jinsi mahindi yanavyogeuka kijani kizito siku chache baada ya kuitia. Lakini naitrojeni ya aina hiyo, inapogeuzwa na vijidudu vya udongo, huacha asidi, na mtu anayeitia mwaka baada ya mwaka bila kutia chokaa anauongezea ugonjwa udongo ambao tayari ulikuwa nao. Majirani zangu walikuwa wakiongeza kipimo kila msimu ili wapate mavuno yaleyale. Bei za mbolea zilipopanda duniani mwaka 2021, na kupanda zaidi baada ya vita vya Ukraine kuanza Februari 2022, baadhi yao walilazimika kuacha nusu ya mashamba yao bila kupandwa. Sisi tulibanwa na mengine, lakini si na hilo.

Mboji yetu haina siri. Wakati wa kiangazi, watu wanapochoma nyasi, sisi tunazikata, tunazichanganya na mabua ya mahindi, majani ya maharage, mabaki ya jikoni na samadi ya kuku tunayoinunua kwa wafugaji wa mjini, kisha tunamwagia maji na kufunika. Kanuni inayotajwa na wataalamu ni kwamba kaboni iwe mara 25 hadi 30 ya naitrojeni. Kwa macho ya mkulima hiyo ina maana ya vitu vikavu vingi na samadi kiasi. Lundo likipangwa vizuri, katikati yake hufikia nyuzi joto 55 hadi 65, joto ambalo huua mbegu nyingi za magugu na vijidudu vingi vya magonjwa, na ndiyo sababu sikubaliani na wale wanaotia samadi mbichi ya kuku moja kwa moja kwenye lengalenga (mchicha) zilizobakiza wiki mbili kuvunwa na kuziita mboga za asili. Jivu la mbabula, yaani jiko la makaa, nalo tunalitunza, kwa kuwa mji mzima unapika kwa makaa na jivu hutupwa kila asubuhi. Lina kalsiamu na potasiamu, na hupunguza asidi.

Msaada mkubwa kuliko yote tuliupata kwenye vichuguu. Aliyewahi kutembea nje ya mji wetu anavijua: vilima virefu vyekundu vilivyosimama katikati ya mashamba, vingine vikifikia mita 8 kwenda juu na kitako chake kikiwa na upana wa mita 15 au zaidi. Hujengwa na mchwa wa aina ya Macrotermes falciger, na watafiti waliovipima umri kwa njia ya kaboni walikuta kwamba vya kale kabisa katika eneo letu vina zaidi ya miaka 2,000. Mchwa hupandisha juu udongo wa mfinyanzi kutoka chini, pamoja na madini yake, na kwa kuwa maji ya mvua huteremka kwenye mbavu za kichuguu badala ya kupenya ndani, kalsiamu hukusanyika humo na kubaki. Matokeo yake ni kwamba udongo wa kichuguu hauna asidi kama ule unaokizunguka, na una virutubisho zaidi. Wazee wetu wa vijijini walilijua jambo hili bila maabara, kwa maana walipanda mtama na maboga juu ya vichuguu na kuacha uwanda kwa muhogo. Tulipoanza kusaga udongo huo, kuupepeta na kuuchanganya na mboji kwenye matuta, nyanya ziliacha kudumaa, na tuta lilishika unyevu hata katika mwezi wa Septemba, ambapo jua hupiga kabla mvua hazijaanza na kila mtu bondeni hugombania maji.

Tatizo ni kwamba mafundi wa matofali wanavijua vichuguu vizuri kuliko sisi, nao wanavibomoa kwa kasi, maana jiji linajengwa na udongo wake hutoa matofali mazuri. Sisi tunachukua tu kwenye vile ambavyo tayari wameshavifungua. Kichuguu kilichochukua karne kadhaa kujengwa hakiwezi kuitwa mbolea inayojirudia, na mkulima wa kilimo hai anayekisawazisha chote ili kupata matuta machache anakula akiba ya wajukuu wake kama yule anayemimina urea bila kipimo.

Kuhusu wadudu nitasema kwa kifupi zaidi, kwa kuwa hapo hatuna ushindi wa kujivunia. Viwavijeshi vamizi vilipoingia barani Afrika mwaka 2016 na kufika kwetu muda mfupi baadaye, tulivitoa kwa mkono na kutia jivu au mchanga laini ndani ya moyo wa mhindi, kazi inayowezekana kwenye bustani ndogo na isiyowezekana kwenye hekta kumi. Kwenye kabichi hutusumbua viwavi wadogo wa kijani, na tunapulizia maji ya majani ya buba yaliyotwangwa na kulowekwa. Buba ni mmea wa jamii ya maharage, kwa hiyo hurudisha naitrojeni kwenye udongo, na majani yake yana sumu iitwayo rotenoni, ambayo ndiyo hiyohiyo iliyowafanya wavuvi wa zamani kuutumia kulevya samaki mtoni. Ndiyo maana haturuhusu mtu kuosha ndoo yake kijitoni baada ya kupulizia, wala hatuvuni siku hiyo. Kitu kutoka msituni kinaweza kuwa sumu pia, na simwamini mtu anayeuza dawa ya mitishamba kwa maelezo kwamba haimdhuru yeyote kwa sababu ni ya asili.

Hata hivyo tofauti na dawa za chupa ni kubwa, na inaonekana kwanza kwa anayezipulizia, si kwa anayekula. Kijana mmoja aliyekuwa akipulizia nyanya za jirani alinijia siku moja akiwa ameshika bomba, mikono imevimba.

«Mwalimu, hii dawa mbona inawasha hivi?»

Nikamwomba anionyeshe chupa. Ilikuwa chupa ya maji ya kunywa, haina karatasi wala jina.

«Ulipewa kipimo gani, mwanangu?»

«Mama wa dukani alisema kifuniko kimoja kwa ndoo moja. Baba mwenye shamba alisema tutie viwili.»

«Na nyanya zinavunwa lini?»

«Kesho kutwa, Mwalimu. Wachuuzi watafika mapema.»

Kila dawa halali ina muda wa kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna, lakini muda huo huandikwa kwenye karatasi ya chupa, na dawa ikishamiminwa kwenye chupa nyingine habari hiyo imepotea. Hata ikibaki, mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza, kwa mkulima anayesoma Kiswahili na Kifaransa. Kama kilimo hai kingekuwa na faida hii moja tu, ya kumwondoa kijana huyu kwenye ukungu wa dawa asiyoijua jina, kwangu ingetosha kukitetea.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo katika miji mingine lisingehitaji kuzungumzwa. Bustani yetu ina sehemu mbili: ya juu, inayonyweshwa kwa kisima, na ya chini, kando ya kijito kinachopita kwanza kwenye maeneo ya kazi za madini. Ya chini ndiyo iliyokuwa na sifa, kwa sababu haikukauka hata mwezi wa Oktoba, na majani yake yalikuwa mapana. Kwenye kona yake moja, lakini, hakikuota chochote isipokuwa mmea mfupi ambao wanabotania huuita Haumaniastrum katangense, ua la shaba, ambao hupenda ardhi iliyojaa shaba kiasi kwamba umewasaidia wanaakiolojia kutambua mahali ambapo mababu zetu walikuwa wakiyeyusha madini kabla ya wakoloni. Mwanafunzi wangu wa zamani, aliyekuwa akisomea kilimo, ndiye aliyenionyesha mmea huo na kunishauri nipeleke udongo maabara. Majibu ya sehemu ya juu yalikuwa ya kawaida kwa Katanga, eneo letu hili la shaba. Ya sehemu ya chini yalionyesha shaba na kobalti kwa wingi mkubwa, pamoja na metali mbili zenye sumu, risasi na kadimi, na hayo yalikuwa matuta ambayo tangu tuyafungue hatukuyatia hata punje moja ya kemikali.

Yeyote anayeijua historia ya mji hawezi kushangaa. Uyeyushaji wa shaba ulianza Lubumbashi mwaka 1911, na pepo za kiangazi, zinazovuma kutoka kusini-mashariki, zilibeba moshi na vumbi na kuviangusha upande wa pili, ambako kuna ardhi ambayo hadi leo ni tupu. Baadaye yakaja machimbo madogo, viwanda vya kuchenjua na malori yanayotimua vumbi kwenye barabara za udongo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa wakazi wa kusini mwa Katanga, na wale walioishi karibu na migodi na viwanda, chini ya kilomita 3, walikuwa na kobalti na metali nyingine kwa viwango vya juu sana, watoto wakiwa wameathirika zaidi. Shaba na zinki mwili huzihitaji kwa kiasi kidogo. Risasi na kadimi hauzihitaji kabisa.

Hapa ndipo maelezo ya kawaida kuhusu faida za chakula cha kilimo hai yanapohitaji kusomwa kwa makini. Mwaka 2012 watafiti wa Stanford, Marekani, waliopitia tafiti nyingi, walihitimisha kwamba hakuna ushahidi mzito wa chakula cha kilimo hai kuwa na lishe zaidi, ila kina mabaki machache ya dawa. Mwaka 2014 kundi jingine, lililoongozwa na watafiti wa Newcastle, Uingereza, lililinganisha machapisho 343 na kukuta kwamba mazao ya kilimo hai yana antioksidanti nyingi zaidi za mimea, na kadimi pungufu kwa wastani wa asilimia 48. Hilo la kadimi lina maelezo yanayoeleweka, kwani miamba inayotengenezewa mbolea ya fosfati mara nyingi ina kadimi ndani yake, na asiyetia mbolea hiyo haiongezi shambani. Lakini wastani wa Ulaya hauwezi kumlinda mtu anayenywesha lengalenga kwa maji yaliyotoka kwenye mabwawa ya mabaki ya madini. Kwake metali haikuja kwa mfuko wa mbolea, kwa hiyo haitaondoka kwa kuuacha mfuko huo.

Kinachoweza kusaidia, kwa kiasi, ni njia zilezile za kilimo hai zikitumika kwa makusudi. Mboji iliyoiva hushika shaba na risasi na kuzifanya zisipatikane kirahisi kwa mizizi. Chokaa ikipunguza asidi, metali nyingi huyeyuka kwa kiasi kidogo kuliko awali kwenye maji ya udongo; chokaa ya upande wa mji wa Likasi, kwenye miamba ya Kakontwe, haiko mbali nasi, na nashangaa kwamba inazungumzwa zaidi kwenye viwanda kuliko kwenye mashamba. Kuosha mboga mara kadhaa huondoa vumbi lililolala juu ya jani, na katika kiangazi cha Lubumbashi hilo si dogo, ingawa hakuondoi kile ambacho jani limekinywa kupitia mizizi. Kuchagua zao kuna maana kubwa zaidi: mboga za majani kama lengalenga, matembele na kabichi la Kichina hukusanya metali nyingi kuliko punje za mahindi au maharage. Ninawaonya pia wenzangu kuhusu mboji inayotengenezwa kwa taka za jiji zisizochambuliwa, ambazo hubeba betri na rangi, na kuhusu kumwaga samadi ya kuku bila kiasi, kwa kuwa chakula cha kuku wa biashara huongezwa shaba na zinki, na sehemu kubwa yake hutoka na kinyesi.

Kwa hiyo sehemu ya chini hatuoteshi tena majani ya kula. Kwenye ukingo wake wa juu kuna mahindi ya punje, na kando ya kijito tumepanda miti ya kuni na nyasi za kushika udongo. Tulipoteza maji yaliyo karibu na mapato mazuri ya kiangazi, na mke wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akijua kwa hesabu ni kiasi gani matuta yale yalilipa karo, alikuwa wa kwanza kusema tuyaache.

Kuhusu mavuno, sipendi ahadi za uongo. Ulinganisho mkubwa uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kilimo hai hutoa mavuno pungufu kwa kati ya asilimia 5 na 34, kutegemea zao na mazingira, na misimu yetu ya mwanzo ilikuwa karibu na mwisho mbaya wa kipimo hicho. Serikali ya Sri Lanka ilipopiga marufuku mbolea za viwandani kwa ghafla mwaka 2021, mavuno ya mpunga yalianguka na amri ikalegezwa kabla ya mwaka kuisha. Mimi simwambii mwenye shamba kubwa la mahindi aache mifuko yake kesho. Namwambia atie chokaa, apande maharage au karanga kati ya misimu, arudishe mabua shambani badala ya kuyachoma, na aangalie mwenyewe kama kipimo cha mbolea hakitapungua. Jambo jingine ambalo watetezi wa kilimo hai hulipita haraka ni kwamba mboji ni nzito. Mtu hubeba kichwani au kwenye baiskeli kile ambacho mfuko mmoja wa dukani ungekibeba, na katika familia nyingi mtu huyo ni mama au binti. Faida inayohesabiwa bila kuhesabu mgongo wa anayebeba si faida iliyokamilika.

Sokoni hakuna anayelipa zaidi kwa ajili ya haya yote. Katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, mteja huchagua kwa macho, na jani lenye matundu hupunguza bei. Mama mmoja anayenunua kwetu mara kwa mara alishika kabichi akaigeuza na kusema, «Baba, wadudu wamekula kabla yangu.» Nikamjibu, «Mama, kama wao wameweza kuila na wakapona, nawe utaila bila hofu ya dawa.» Akacheka, akalipa bei ileile, kisha akauliza swali ambalo wateja wengi hawaulizi: «Na maji unayomwagilia unayatoa wapi?»

Mwaka 2007 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana juu ya kanuni za pamoja za mazao ya kilimo hai, yenye alama ya Kilimohai, na Kongo ilijiunga na Jumuiya hiyo mwaka 2022. Katika nchi jirani kuna vikundi vya wakulima wadogo vinavyokaguana wenyewe kwa wenyewe badala ya kulipia wakaguzi wa mbali, na wakulima wachache wa bonde letu tumeanza kujaribu utaratibu huo. Kila mmoja hutembelea bustani ya mwenzake na kujaza karatasi moja. Nilisisitiza kwamba mstari wa kwanza uwe juu ya chanzo cha maji, wa pili juu ya kilichokuwa kikifanyika kwenye ardhi hiyo na jirani yake kabla ya bustani, na ndipo tufike kwenye mbolea na dawa. Mwenzetu mmoja, ambaye matuta yake yako chini ya barabara ya malori, alipinga kwa hoja kwamba hajawahi kununua kemikali maishani mwake, na ni kweli hajawahi. Tulibishana muda mrefu bila kukubaliana jinsi ya kujaza karatasi yake. Kwa sasa analima mahindi na maharage mahali pale, na lengalenga amezihamishia kwenye kipande tulichompa karibu na kisima chetu.